Usafiri wa pikipiki Kyela na milima ya Rungwe

Usafiri wa pikipiki Kyela na milima ya Rungwe ni usafiri wa watu na mizigo kwa pikipiki katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na milima inayoizunguka, kusini-magharibi mwa Tanzania. Eneo hilo liko hasa katika wilaya za Kyela na Rungwe, mkoani Mbeya, na linapakana na wilaya ya Makete ya mkoa wa Njombe. Pikipiki nyingi za huko ni bodaboda, yaani pikipiki za kukodiwa. Kwa sababu barabara hupanda na kushuka kwa kona nyingi katika umbali mfupi, uendeshaji wake unahitaji ujuzi tofauti na ule wa mjini au wa nchi tambarare.

Jiografia ya barabara

Mji wa Kyela uko kwenye tambarare iliyojengwa na udongo wa mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ambayo yote huingia Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini nchi hupanda hadi Tukuyu, kwenye mita 1,600 hivi, na juu zaidi uko Mlima Rungwe wenye kimo cha mita 2,960. Upande wa mashariki milima ya Livingstone huinuka ghafla kutoka ukingo wa ziwa.

Barabara kuu ni ile ya lami itokayo Uyole, karibu na jiji la Mbeya, kupitia Isyonje, Kiwira na Tukuyu hadi Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi. Njia ya kwenda Kyela mjini huchepuka kabla ya kufika mpakani. Kati ya Tukuyu na tambarare ya Kyela barabara hii hushuka zaidi ya mita 1,000, ikipita katikati ya mashamba ya chai, migomba na kakao.

Njia nyingine zinazojulikana ni hizi:

- Kikusya–Ipinda–Matema: barabara ya tambarare inayofika ufukweni chini ya milima ya Livingstone. Kutoka Matema kwenda Ikombe watu hutembea kwa miguu au hupanda mtumbwi, kwa kuwa mlima umeshuka hadi majini.
- Katumba–Lwangwa–Mbambo–Tukuyu: njia ya mzunguko katika eneo la Busokelo, yenye mabonde mengi na madaraja.
- Isyonje–Kikondo–Makete: njia inayopanda hadi uwanda wa juu wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, na kupita jirani na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo.

Historia

Kabla ya pikipiki kuenea, chombo cha kawaida Kyela kilikuwa baiskeli, kwa sababu tambarare haina vilima. Baiskeli zilibeba mpunga, samaki na abiria, hasa kati ya Kasumulu na vijiji vya jirani. Upande wa pili wa mpaka, nchini Malawi, baiskeli na pikipiki za kukodiwa huitwa kabaza. Milimani baiskeli haikufaa sana, na watu wa Rungwe na Makete walitembea umbali mrefu wakibeba mizigo kichwani.

Neno bodaboda lilianza Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Nchini Tanzania bodaboda zilienea katika miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia kwa wingi. Nyingi zina injini ya ujazo wa sentimita za ujazo 125 hadi 150.

Madereva wengi ni vijana. Baadhi humiliki pikipiki zao, na wengine humpelekea mwenye chombo fedha za kila siku ziitwazo hesabu. Wapo pia wanaoendesha kwa mkataba, yaani dereva hulipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake. Presha ya kutimiza hesabu ni moja ya sababu za madereva kukimbia na kupakia kupita kiasi.

Sheria

Usafiri huu husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 pamoja na kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za mwaka 2010. Kanuni hizo ziliifanya bodaboda kuwa biashara halali yenye leseni. Mamlaka husika ilikuwa SUMATRA, na tangu mwaka 2019 ni LATRA. Dereva anapaswa kuwa na leseni ya udereva ya daraja linalohusu pikipiki. Dereva na abiria hutakiwa kuvaa kofia ngumu. Kupakia abiria wawili au zaidi, desturi iitwayo mshikaki, ni kosa.

Kuendesha kwenye kona na mteremko

Pikipiki haipindi kona kwa kugeuza usukani tu kama gari. Hulala upande wa ndani wa kona. Kiasi cha kulala hutegemea mwendo na ukali wa kona, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kuishika pikipiki njiani huongezeka mara nne. Kwa mfano, katika kona yenye nusukipenyo cha mita 30, pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hulala nyuzi 23 hivi. Ikiingia kona hiyohiyo kwa kilomita 60 kwa saa inahitaji kulala nyuzi 43 hivi. Kiasi hicho ni karibu na mwisho wa uwezo wa tairi kwenye lami kavu, na kwenye lami yenye maji tairi huteleza. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia kona, wala si katikati yake.

Kona nyingi za Rungwe hazionyeshi mbele kwa sababu ya migomba na kingo za mlima. Kwa kilomita 60 kwa saa pikipiki husafiri karibu mita 17 kila sekunde, hivyo dereva anayeona lori limesimama umbali wa mita 20 hana nafasi ya kusimama. Kanuni ya msingi ni kwenda kwa mwendo unaoruhusu kusimama ndani ya sehemu ya barabara inayoonekana, na kubaki upande wa kushoto bila kukata kona.

Mteremko una hatari yake. Pikipiki, dereva, abiria na mzigo wa kilo 50 kwa pamoja huweza kufikia kilo 300. Uzito huo ukishuka mita 1,100 hutoa nishati inayotosha kuchemsha karibu lita 10 za maji ya kawaida. Nishati hiyo huondolewa na upepo, injini na breki. Baadhi ya madereva huzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Hapo msaada wa injini hupotea na breki hubeba kazi kubwa zaidi. Breki zikipata joto kupita kiasi hupungua nguvu, hata dereva akizibana kwa nguvu zote. Njia salama ni kushuka kwa gia ndogo na kubana breki kwa vipindi, zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Kwenye changarawe na matope breki ya mbele hubanwa kwa uangalifu, kwani gurudumu la mbele likifunga pikipiki huanguka mara moja.

Kwenye njia ya Kitulo injini hupoteza nguvu kwa sababu hewa ya mita 2,600 ni nyepesi kwa takriban robo kuliko ile ya usawa wa bahari.

Kusafiri kwa kundi

Bodaboda husafiri kwa misafara katika harusi, misiba na mikutano, na marafiki huongozana katika safari ndefu au za usiku. Wasafiri wa pikipiki kubwa wanaotoka Afrika ya Mashariki kwenda kusini nao hupita Kasumulu, mara nyingi wakiwa kundi.

Kundi lina faida: pikipiki ikiharibika au mtu akianguka, msaada uko karibu. Hatari yake ni mashindano, na yule wa nyuma kulazimika kufuata mwendo wa mwenye uzoefu zaidi. Kwa hiyo makundi yenye utaratibu huachiana nafasi, huingia kwenye kona mmoja mmoja, na kila dereva huenda kwa mwendo wake. Wa mbele husubiri kwenye njia panda hadi wa mwisho aonekane.

Hali ya hewa

Kyela na Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Mei. Mwezi wa Aprili mito hufurika tambarareni, na milimani njia za udongo huwa na utelezi mkali. Ukungu hutanda mara nyingi kati ya Isyonje na Tukuyu.

Manufaa na hatari

Pikipiki hufika vijiji ambavyo basi haliwezi kufika. Hushusha ndizi na maparachichi kutoka Rungwe, hupandisha mchele wa Kyela na usipa wa ziwani, na huwapeleka wagonjwa na wajawazito hospitalini.

Upande mwingine, ajali huwaumiza hasa vijana wanaotegemewa na familia, na mguu uliovunjika huweza kumaliza kipato cha nyumba nzima. Utafiti wa kimataifa umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kinga hiyo hupatikana tu ikiwa kofia imefungwa kamba chini ya kidevu.

Tazama pia

- Bodaboda
- Wilaya ya Kyela
- Mlima Rungwe
- Milima ya Livingstone
- Hifadhi ya Taifa ya Kitulo