Neno Ulijualo Ndilo Likupotezalo

Siku hizi katika nyumba nyingi vijijini yuko kijana wa sekondari mwenye Biblia ya Kiingereza. Wazazi hufurahi, na ni haki yao. Lakini, ndugu msomaji, baadhi ya Biblia hizo ni za lugha ya kale sana. Wakatoliki wa Uingereza waliokimbilia ng'ambo wakati wa dhuluma walitoa Agano Jipya mjini Rheims mwaka 1582, na Agano la Kale mjini Douai mwaka 1609 na 1610. Waprotestanti walitoa ile ya Mfalme James mwaka 1611. Zote mbili, ingawa zilitengenezwa-tengenezwa baadaye, zinauzwa hata leo.

Je, maneno yao ya zamani humpoteza msomaji? Ndiyo, lakini si yale magumu. Akikuta neno asilolijua, kijana atafungua kamusi au atamwuliza mwalimu. Neno analolijua ndilo lenye hatari, kwa maana huingia ndani bila kubisha hodi.

Chukueni neno "corn". Vijana wengi hulijua kuwa ni mahindi. Basi wasomapo kwamba wafuasi wa Yesu walipita shambani siku ya Sabato wakachuma, huwaona wakivunja mahindi! Mahindi yalitoka Amerika, nayo yalivuka bahari baada ya Columbus kufika huko mwaka 1492. Kwa Waingereza wa kale neno lile lilikuwa nafaka yo yote. Kosa hili ni la kuchekesha tu.

Lakini tazameni Waraka wa kwanza wa Mtakatifu Petro, sura ya 3. Hapo Mtume anasema na wake ambao waume zao hawalisadiki neno. Biblia za kale zinasema waume hao watavutwa na "conversation" ya wake zao. Leo neno hilo ni maongezi. Mke akifasiriwa hivyo, atafanya nini? Atamhubiria mumewe asubuhi na jioni, mpaka mume ahamie kilabuni. Kumbe zamani neno hilo lilikuwa mwenendo, kama lilivyo katika Kilatini ambamo Wakatoliki wale walifasiri. Tena Mtume mwenyewe anasema watavutwa bila neno. Anayesoma mstari mzima ataona kwamba maongezi hayawezi kuwa bila neno.

Tena liko neno "prevent" katika Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, sehemu inayosomwa mara nyingi mazishini. Leo maana yake ni kuzuia. Zamani ilikuwa kutangulia. Mtakatifu Paulo anawafariji wafiwa kwamba tutakaokuwa hai Bwana ajapo hatutawatangulia marehemu wetu. Kijana akiwasomea wafiwa kwamba hatutawazuia, hajatukana mtu, lakini faraja yenyewe imepotea.

Na "charity", ambayo leo ni sadaka kwa maskini, katika Wakorinto wa kwanza sura ya 13 ni mapendo, yale tunayoyataja pamoja na imani na matumaini. Ndiyo maana Paulo anaweza kusema kwamba mtu aweza kuwagawia maskini mali yake yote na bado asiwe nayo.

Wafasiri wa kale hawakukosea. Waliandika Kiingereza cha siku zao. Wataalamu walioitoa Biblia iitwayo Revised Standard mwaka 1952 walisema katika dibaji kwamba maneno zaidi ya 300 ya Biblia ya Mfalme James yamegeuka maana. Chapa yake ya Kikatoliki ilitoka mwaka 1966.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kununua asitazame jalada wala dhahabu ya kurasa. Amwombe kijana afungue Waraka ule wa Petro, sura ya 3, mstari wa kwanza. Akikuta "conversation", ni lugha ya kale: ainunue akipenda, ila kijana na aisome akiwa na Biblia ya Kiswahili kando yake.