Ganzi mikononi baada ya kuendesha baiskeli? Tazama usukani wako

Na DAKTARI WETU

JE, umewahi kushuka kwenye baiskeli ukahisi vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi? Au umewahi kufika nyumbani ukajaribu kufungua kufuli, ukaona ufunguo haushikiki vyema? Je, shingo na mabega hukuuma kila jioni baada ya safari ya kutoka kazini? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, usikimbilie kununua tembe za kutuliza maumivu. Yamkini chanzo cha taabu yako ni usukani wa baiskeli.

Wakazi wengi wa miji yetu wanaendesha baiskeli. Kuna wanaokwepa nauli za matatu, na kuna walioshauriwa na madaktari wao wafanye mazoezi kwa sababu ya uzani, shinikizo la damu au kisukari. Ushauri huo ni mwema. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mtu anayeendesha baiskeli nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi, siku tatu kwa wiki, tayari amepata dakika 180.

Shida ni kwamba wengi huanza kwa ari, na baada ya muda mfupi baiskeli huegemezwa ukutani ikaota kutu. Ukiwauliza sababu, watakwambia mikono, shingo au mgongo. Wengi hudhani ni uzee. Aghalabu si uzee. Ni kwamba walichagua baiskeli kwa rangi na bei, wala hawakuuliza mikono yao itakaa wapi.

KINACHOTOKEA KIGANJANI

Mkono wa mwanadamu haukuumbwa kubeba uzito wa mwili. Tazama sehemu ya chini ya kiganja chako, upande wa kidole cha mwisho. Hapo, chini kidogo ya ngozi, unapita mshipa wa fahamu unaokifanya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vihisi. Mshipa huo ndio pia unaoendesha misuli mingi midogo ya mkono. Hupita katika kijia chembamba kinachoitwa mfereji wa Guyon, kwa jina la mpasuaji Mfaransa aliyeueleza mwaka wa 1861. Ukiuegemea usukani kwa kiganja muda mrefu, mshipa huu hubanwa.

Mshipa mwingine hupita katikati ya kifundo cha mkono. Huu huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu nyingine ya kidole cha pete. Wenyewe hubanwa zaidi pale kifundo kinapokuwa kimekunjwa kwa muda mrefu. Wanawake wajawazito, wagonjwa wa kisukari, wenye baridi yabisi na wale ambao tezi ya shingoni haifanyi kazi ipasavyo huathirika kwa urahisi zaidi.

Kwa hivyo vidole vilivyokufa ganzi vitakuonyesha ni wapi panapobanwa. Ikiwa ni viwili vya mwisho, unaegemea mno kwa kiganja. Ikiwa ni gumba na vinavyofuata, huenda vifundo vyako vimekunjika.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: uzito wa mwili ubebwe na makalio na miguu. Usukani ni wa kuelekeza baiskeli, si wa kuegemea.

SUKANI ZA AINA NNE

Aina ya kwanza ni usukani ulionyooka kama fimbo, unaopatikana kwenye baiskeli nyingi za mtumba zilizotengenezewa milimani. Ni imara, lakini hukulazimisha uinamishe mgongo na uelekeze viganja chini. Sasa simama wima, ulegeze mikono kana kwamba umebeba ndoo mbili za maji. Utaona viganja vinatazamana. Hivyo ndivyo mikono ipendavyo kukaa, na usukani ulionyooka huipinga.

Aina ya pili ni ule uliopinda kuelekea chini kama pembe za kondoo, wa baiskeli za mashindano. Unamfaa kijana anayetafuta mwendo wa kasi. Mtu mwenye maumivu ya shingo auepuke, kwa sababu akiinama itambidi ainue kichwa muda wote ili aone barabara.

Aina ya tatu ndiyo ninayowapendekezea wengi: usukani unaopinda nyuma ukamfuata mwendeshaji. Huu ndio usukani wa ile baiskeli nyeusi tuliyokua tukiiona, Black Mamba, ambayo muundo wake ulitoka Uingereza. Ukiushika, viganja hutazamana kidogo kama mtu anayesukuma wilbaro, viwiko hulegea, na mgongo hunyooka. Wazee wetu waliotumia baiskeli hizi kwenda sokoni na gunia nyuma hawakuwa wajinga.

Aina ya nne ni ule uliopanda juu kama pembe za ng'ombe. Unapendeza macho, lakini ukiwa juu sana mikono huning'inia na mabega huchoka.

Kukaa wima nako kuna kiasi chake. Ukinyooka kabisa kama askari wa gwaride, kila shimo la barabarani litapanda moja kwa moja hadi kwenye pingili za mgongo. Inama mbele kidogo tu, viwiko vikiwa vimekunjwa, ili mikono imeze mitikisiko. Tena unapokaa wima, makalio hubeba uzito zaidi, kwa hivyo utahitaji kiti kipana kiasi, na ikiwezekana chenye springi.

JIPIME KABLA YA KULIPA

Usinunue usukani kwa kuutazama tu. Kwanza fundi arekebishe urefu wa kiti, kwa sababu kiti kikibadilishwa usukani nao huhitaji kupimwa upya. Kisha panda baiskeli mahali pasipo magari, na ukiwa unaendesha polepole, legeza vidole na uinue viganja kidogo juu ya usukani. Ukihisi unaangukia mbele, usukani uko mbali mno au uko chini mno.

Pili, tazama vifundo vyako. Nyuma ya mkono na sehemu ya chini ya mkono vinapaswa kufuata mstari mmoja, bila kukunjika juu wala chini. Mara nyingi usukani wenyewe hauna kasoro, ila umezungushwa vibaya. Kuulegeza na kuuinamisha kidogo hakutakugharimu chochote.

Tatu, upana. Usukani wa kukaa wima huwa na upana wa kati ya sentimita 55 na 65 hivi. Mtu mwenye mabega membamba achukue ulio mdogo. Usukani mpana mno huwa ni hatari pia unapopenya katikati ya magari.

Jambo la nne ni kipenyo. Sukani nyingi za kukaa wima zina kipenyo cha milimita 22.2 mahali pa kushika, sawa na zile zilizonyooka, kwa hivyo mara nyingi vishikio vya breki na vifaa vya gia ulivyo navyo vitaingia. Zile za mashindano huwa nene zaidi, milimita 23.8, na vifaa hivyo havitaingia. Katikati, pale panapobanwa, kuna vipimo mbalimbali; 25.4 na 31.8 ndivyo vya kawaida. Nenda kwa fundi ukiwa na usukani wako wa zamani ili alinganishe. Usikubali ajazie nafasi kwa vipande vya mkebe. Usukani ukizunguka ghafla ukiwa kwenye mteremko, utaanguka kifudifudi.

KIFAA CHA GIA

Watu wengi hudhani gia ni za kukimbilia tu. Gia ni kinga ya magoti. Mtu ambaye kifaa chake cha kubadilishia gia ni kigumu, au kiko mbali na vidole, huacha kubadilisha. Hupanda mlima kwa gia nzito akikanyaga kwa nguvu, na baada ya miezi michache huja kwetu akilalamikia goti. Miguu inapaswa kuzunguka kwa wepesi, kama mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika.

Kwa hivyo chagua kifaa kinachoafiki mikono yako. Kifaa cha kuzungusha, kinachofungwa mahali pa mpira wa usukani, ni chepesi kueleweka na mkono hauondoki. Hata hivyo kinahitaji kifundo kizima, na jasho au mvua hukifanya kiteleze. Tena kinahitaji sehemu ndefu iliyonyooka, na sukani nyingine zinazopinda nyuma hazina nafasi hiyo.

Kifaa cha kubonyeza, kinachokaa chini ya usukani, hufanya kazi kwa kidole gumba, na vingine hutumia pia kidole cha shahada. Ni kizuri kwa mwenye vidole vyenye nguvu. Mtu mwenye baridi yabisi kwenye kidole gumba atateseka nacho, na afadhali achukue cha kuzungusha.

Kipo pia kile cha kizamani, kijiti kinachokaa juu ya usukani na kusukumwa mbele au nyuma. Usikidharau. Huchukua nafasi ndogo, fundi yeyote hukielewa, na unaweza kukisukuma kwa kiganja hata vidole vikiwa vinauma.

Kwa safari za mjini, gia zinazofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma zina faida moja kubwa: waweza kuzibadilisha hata ukiwa umesimama. Gia za kawaida za mnyororo hubadilika tu miguu inapozunguka. Matatu ikikukatia njia na usimame ghafla, utaondoka ukiwa katika gia nzito, huku magari yakikupigia honi nyuma. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianza kutengeneza gia tatu za namna hii mapema katika karne ya 20, na hadi leo kuna baiskeli za mtumba zilizo nazo.

Chochote utakachochagua, kijaribu hivi: badilisha gia huku vidole viwili vikiwa juu ya kishikio cha breki. Ukilazimika kuiacha breki ili ubadilishe gia, kifaa hicho hakikufai kwa barabara zetu.

USISAHAU BREKI

Usukani unaopanda na kurudi nyuma huhitaji waya ndefu zaidi za breki na gia, pamoja na kava zake. Fundi akikwambia zile za zamani zitatosha, mwombe azungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Waya ikivutika au breki ikijikaza yenyewe, ni fupi.

Baiskeli nyingi za Black Mamba hutumia vyuma badala ya waya, na vyuma hivyo vimeshikamana na usukani. Usukani wa namna hiyo haubadilishwi ovyo bila kubadilisha mfumo mzima wa breki.

Kama unainua usukani kwa kuivuta shingo yake, yaani lile bomba linaloushikilia, tazama mstari uliochorwa juu yake. Mstari huo usionekane nje kamwe. Ukionekana, bomba lililobaki ndani ni fupi na laweza kuchomoka au kuvunjika.

Jambo jingine: baiskeli za mtumba hutoka nchi mbalimbali. Kwa kawaida baiskeli ya Uingereza huwa na breki ya mbele upande wa kulia, na ile ya Marekani upande wa kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na tunapokata kulia hunyosha mkono wa kulia kutoa ishara. Mkono unaobaki ni wa kushoto, na ni salama zaidi ukiwa umeshika breki ya nyuma. Jua ni ipi kabla ya kuingia barabarani.

NI LINI UMWONE DAKTARI

Ganzi inayotoweka dakika chache baada ya kushuka ni onyo tu. Badilisha mahali unaposhika mara kwa mara, weka mipira laini kwenye usukani, na usijaze magurudumu upepo hadi yawe kama mawe, kwa sababu mitikisiko nayo huumiza mishipa.

Ganzi ikidumu zaidi ya siku mbili, acha baiskeli kwa muda na umwone daktari. Nenda upesi ikiwa huwezi kufunga vifungo vya shati, vitu vinakuponyoka, ganzi inakuamsha usiku, au nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada inabonyea. Hapo misuli imeanza kukosa mawasiliano. Mshipa uliobanwa kwa muda mfupi hupona, ingawa waweza kuchukua wiki au miezi. Uliobanwa mno huenda usirudi kama ulivyokuwa, na kwa fundi cherehani, karani au kinyozi hilo ni suala la riziki.

Maumivu yanayoanzia shingoni yakashuka mkononi si ya kulaumiwa usukani peke yake, na yanahitaji uchunguzi. Na ukihisi udhaifu wa miguu au ukashindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuitoa baiskeli nje kesho asubuhi, shika usukani wako, tazama vifundo vyako, kisha inua viganja. Mwili wako utakujibu. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia kiti cha baiskeli na maumivu ya kiuno.