Kiambishi Mwa- katika Majina ya Wataita: Asili Yake na Kuenea Kwake

1. Utangulizi

Mtu akisoma orodha yoyote ya majina mjini Voi, iwe ya wanafunzi au ya wapiga kura, hatakosa kuona kwamba majina mengi huanza kwa Mwa-: Mwakio, Mwadime, Mwanyumba, Mwamunga, Mwachofi. Wingi huu humshawishi mtafiti kuyachukua majina hayo kuwa alama za ukoo, kisha azifuate koo hizo hadi Pwani, au hata hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba umbo moja la jina laweza kubeba historia tatu tofauti, na kwamba jina halifai kuwa ushahidi wa nasaba mpaka historia hizo zitenganishwe. Tunawazungumzia Wadawida, Wasagalla na wenyeji wa Kasigau. Wataveta, ambao lugha yao Guthrie aliiweka katika kundi la G20 pamoja na Chasu, tumewaacha kando.

2. Maana ya Mwa-

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Mwa- ni ufupisho wa "mwana wa". Lakini mwana wa nani, au wa nini? Hapa ndipo penye fundo.

Kuna kwanza Mwa- ya tukio. Katika Kidawida kio ni usiku, na mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku huitwa Mwakio. Dada yake aliyezaliwa wakati kama huo huitwa Wakio. Vivyo hivyo njala, yaani njaa, huzaa jina Mwanjala kwa mwanamume na Wanjala kwa mwanamke. Jozi hizi zinaonyesha kwamba Mwa- hutofautishwa na Wa- kwa misingi ya jinsia, na kwamba kinachofuata kiambishi si jina la mtu hata kidogo. Mwakio wawili waliozaliwa vijiji viwili mbalimbali hawana udugu wowote ila usiku.

Pili, kuna Mwa- ya mzazi, ambapo kinachofuata kiambishi ni jina la baba au la babu. Tatu, kuna Mwa- iliyoganda. Jina zima, pamoja na kiambishi chake, hurithiwa na mjukuu kutoka kwa babu, au na watoto wote kutoka kwa baba, bila ya kiambishi kutaja tena uhusiano wowote. Ushahidi mzuri wa daraja hili ni jina la Mashengu wa Mwachofi, aliyekuwa mbunge wa Wundanyi katika miaka ya mwanzo ya 1980. Lau Mwa- ingalikuwa bado na nguvu ya "mwana wa", kile kihusishi wa kingalikuwa cha ziada. Kuwepo kwake kunathibitisha kwamba Mwachofi limekwisha kuwa jina kamili, na kwamba uhusiano sasa unahitaji neno jingine la kuutaja.

3. Jinsi majina yalivyoganda

Mgando huu haukuletwa na sarufi peke yake. Wamisionari wa CMS, wakiongozwa na J. A. Wray, walifika Sagalla mwaka 1883, na mwaka 1894 Wray alichapisha kitabu cha utangulizi wa lugha ya Kitaita. Daftari la ubatizo lilidai jina la Kikristo na jina la baba. Baadaye ikaja Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ambayo iliwalazimisha wanaume kuchukua kipande. Kwa mtu aliyetafuta kazi kwenye reli au katika mashamba ya katani, jina lililoandikwa siku hiyo ndilo lililomfuata maisha yake yote. Wanawake waliingizwa katika uandikishaji wa vitambulisho mnamo mwaka 1978 tu. Kwa hiyo majina ya Wa- yalibaki nje ya maandishi ya serikali kwa muda mrefu zaidi, na leo huonekana zaidi kama majina ya katikati.

Hasara yake si ya kitaaluma tu. Ndugu wawili wa baba mmoja waweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, mmoja akiwa ameandikwa kwa jina la baba na mwingine kwa jina la babu. Sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi ilipoanza kutumika, madai ya mashamba ya ukoo, au kichuku kama waitavyo Wadawida, yaliwakuta watu ambao karatasi zao hazionyeshi udugu wao. Ni kumbukumbu ya wazee iliyoweza kuwaunganisha.

4. Kufanana na majina ya kwingineko

Wairishi wana Mac, yaani mwana, na Ó, yaani mjukuu au mzao. Jina Ó Néill latokana na mfalme Niall Glúndubh, aliyeuawa mwaka 919. Hapo awali lilimtaja babu halisi. Leo halimtaji babu wa yeyote kati ya maelfu wanaolitumia. Kama ilivyo kwa Wataita, mwanamke ana umbo lake: Ní badala ya Ó, na Nic badala ya Mac. Makarani wa Kiingereza nao waliyageuza majina hayo, hata Ó Murchadha likawa Murphy na kiambishi kikatoweka. Hakuna atakayedai kwamba Wairishi na Wataita walitoka pamoja.

Tahadhari hiyo hiyo yafaa karibu na nyumbani. Wanyakyusa wana Mwakyembe, Mwandosya na Mwaipopo. Lakini Guthrie aliiweka lugha yao katika M31, na Kitaita katika E74, jirani na lugha za Wamijikenda. Lugha mbili za Kibantu zenye neno mwana na kiunganishi wa zaweza kulifupisha kila moja kwa njia yake. Kwa Wamijikenda, ambao pia wana majina ya Mwa-, ujirani wa lugha na wa makazi hufanya uhusiano uwezekane zaidi, ila hata hapo lazima uthibitishwe jina kwa jina.

Mfano wa Wanjala unatosha kuonya. Mjini Voi ni jina la mwanamke. Kwa Wabukusu ni la mwanamume, kama alivyokuwa mhakiki mashuhuri Chris Wanjala. Kinachoyaunganisha ni neno la kale la Kibantu lenye maana ya njaa, ambalo katika Kiswahili limepoteza l yake.

5. Hitimisho

Mtafiti wa majina ya Wataita hana budi kuuliza maswali matatu kwa kila jina: kinachofuata Mwa- ni tukio au mtu? Kama ni mtu, ni wa kizazi kipi? Na jina liliandikwa lini kwa mara ya kwanza, na nani? Majibu hayamo katika orodha. Yamo katika vinywa vya wazee wa Sagalla, Wundanyi, Mwanda na Kasigau, na inafaa yakusanywe wangali hai.