Simu Chini ya Mto

Ukilazwa leo, mpenzi msomaji, simu yako italala na wewe chini ya mto. Itapokea pole za ofisini, itapokea hela ya matunda, na ukipata nafuu kidogo utajipiga picha na dripu yako. Ila ukiulizwa ile sindano ya saa kumi alfajiri ilikuwa ya nini, utabaki unakodoa macho.

Wenzetu Marekani waliliona hili. Mwaka 2010 hospitali na kliniki za sehemu tatu, Boston ikiwemo, zilianza kuwaruhusu wagonjwa kusoma kwenye mtandao kile daktari alichoandika juu yao. Baadhi ya madaktari waliogopa kwamba maswali yatawalemea. Wapi! Wagonjwa wengi walisema sasa wanauelewa ugonjwa wao na kuzifuata dawa vizuri zaidi. Leo zipo programu kama MyChart Bedside: umelala kitandani, unaona kwenye skrini ratiba yako ya siku, dawa, majibu ya vipimo na watu wanaokuhudumia.

Sasa njoo Karatu, mji wa mwisho kabla ya geti la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro. Hapa ipo Hospitali ya Kilutheri, na ipo FAME, iliyoanza mwaka 2008 na wagonjwa wa nje. Anayeletwa kutoka Endulen anapita vumbi na ukungu wa ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndipo ateremke.

Kwa safari ya namna hiyo simu imeshafanya kazi yake. Mpango wa m-mama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wake kitaifa Aprili 2022, una namba ya bure, 115, kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na vichanga. Mtu wa zamu anatumia programu kutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana anaitwa dereva wa kijamii, na mpango ndio unaomlipa, tena kwa simu. Safi sana. Lakini programu ile iko mkononi mwa mtu wa zamu, si mwa mama. Akishapanda kitandani, ni yeye na dari.

Na lugha je? Mama anaongea Kimaa, nesi Kiswahili, faili limeandikwa Kiingereza. Mumewe ndiye mkalimani, na ndiye mwenye simu. Jioni bwana anarudi kwenye ng'ombe, simu inaondoka naye, na kesho daktari anakuja na fomu ya ridhaa ya upasuaji. Kidole cha gumba kinawekwa juu ya nini hasa?

Simu ya kawaida ingeokoa mambo hapo. Mwombe daktari ruhusa, mrekodi maelezo yake, msikilize tena kwa utulivu. Mpigie dada anayejua lugha zote mbili, weka spika, aulize: dawa gani, mara ngapi, hadi lini? Jina la dawa liandike, au lipige picha lilivyo kwenye boksi (mgonjwa wa kitanda cha pili asiingie kwenye picha yako, jamani).

Kuna kipengele ambacho wapenzi hawakipendi. Majibu yakiingia kwenye simu ya familia, yanasomwa na nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kuwa mume hakukupi nywila ya simu yake. Atakuambia akiwa tayari, na ukiwa mtu wa kuambiwa hatachelewa.

Kwa hiyo kaka, kama nyumbani simu ni moja, iache wodini na chaja yake, hata kama ni kitochi. Kitochi kinapiga, kinapokea, na chaji inakaa. Wewe utaazima ya jirani.