Nyonga ya vipande: kutu iliyojificha ndani ya paja

Nyonga ya bandia hudumu. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2019, kwa takwimu za Australia na Finland, ulikadiria kuwa nyonga kama 58 katika kila 100 hufikisha miaka 25. Ndiyo maana inauma kuona aina iliyobuniwa ili iwafae zaidi wagonjwa ndiyo iliyowarudisha mapema kwenye chumba cha upasuaji.

John Charnley, daktari Mwingereza aliyeanzisha upasuaji wa kisasa wa nyonga mwaka 1962, alitumia shina la chuma lililoungana na kichwa chake. Baadaye vikatenganishwa. Siku hizi shina huzamishwa ndani ya mfupa wa paja, kisha daktari huchagua kichwa cha ukubwa unaofaa, hukivisha kwenye ncha iliyochongoka na kukigonga kwa nyundo. Hukaza kama jembe kwenye mpini wake. Mpango huu umefaa sana: kichwa kikichakaa hubadilishwa, shina likabaki.

Tatizo lilikuja shingo nayo ilipofanywa kipande cha peke yake. Nia ilikuwa njema, kwani daktari aliweza kurekebisha urefu wa mguu na pembe ya shingo hata baada ya shina kukaa, ili mgonjwa asiinuke kitandani mguu mmoja ukiwa mrefu. Lakini kiungio hicho cha pili kiko pale uzito wa mwili unapokipinda chuma kwa nguvu, na katika baadhi ya miundo shina lilikuwa la titani, shingo ya kobalti na kromu. Kwa kila hatua vyuma hivyo husuguana kidogo mno, utando unaovikinga hukwanguka, majimaji ya mwili hupenya, kutu huanza. Kobalti huvuja. Tishu huvimba, na misuli ya tako inayomzuia mtu asichechemee huweza kufa.

Kampuni ya Stryker ya Marekani iliondoa sokoni nyonga zake za Rejuvenate na ABG II mwaka 2012, na mwaka 2014 ikakubali kulipa fidia ya zaidi ya dola bilioni moja. Fedha hizo hazirudishi misuli. Mashina mengi yalikuwa yameshikwa barabara na mfupa, hivyo ili kuyang'oa madaktari walilazimika mara nyingi kupasua mfupa wa paja kwa urefu, kisha kuufunga kwa waya. Tena picha ya eksirei iliweza kuonyesha kila kitu kiko sawa. Ni kipimo cha kobalti kwenye damu na picha ya MRI vilivyofichua uharibifu.

Mashina ya vipande bado yana kazi, hasa katika upasuaji wa marudio ambapo mfupa umeliwa sana. Kwa nyonga ya kwanza, sajili ya viungo bandia ya Australia, iliyoanza mwaka 1999, imeonyesha kuwa zenye shingo ya kubadilishwa hurudiwa zaidi.

Kwetu jambo hili linawagusa hata vijana, maana ugonjwa wa sikoseli huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja mapema, na kijana wa miaka 25 anahitaji nyonga ya miongo mingi. Kila kipandikizi huja na stika zenye jina na namba yake, ambazo hubandikwa kwenye faili. Omba nakala uitunze nyumbani, kwa sababu faili la hospitali likipotea, hiyo ndiyo itakayomwambia daktari mwingine ni chuma gani kimo pajani mwako.