Kiti cha Kifaransa Ukunda: Nakshi pekee haitoshi

SEREMALA wa Ukunda anapoonyeshwa picha ya kiti cha Kifaransa, chenye miguu iliyopinda na ua lililochongwa juu ya egemeo, aghalabu haoni la kumshinda. Mkono uliozoea kuchonga kitanda cha Kilamu hauogopi ua. Taabu huanza miezi kadhaa baadaye, kiti kikiwa kimekwisha kulipiwa na kuwekwa katika chumba chenye kiyoyozi. Kiungo kinalegea, mbao inapasuka, na mteja anapiga simu akidai fedha zake.

Soko la samani kati ya Ukunda, Diani na Msambweni linategemea hoteli, nyumba za likizo, watu wa bara wanaojenga pwani na familia za wenyeji zinazotayarisha nyumba za maarusi. Miongoni mwao wapo wanaotaka "mtindo wa Kifaransa", na jina hilo hutumiwa kiholela. Fundi asiyemuuliza mteja anakusudia Kifaransa kipi hujikuta akichonga mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Kwa ufupi, mitindo inayoigwa zaidi ni ya enzi za wafalme watatu. Samani za Louis wa 14, aliyetawala kuanzia 1643 hadi 1715, ni nzito na za fahari. Za Louis wa 15, hadi 1774, hupinda kila mahali: miguu, mikono na egemeo, zikipambwa kwa maua na makombe ya pwani. Za Louis wa 16, aliyeondolewa madarakani 1792, zilirejea kwenye mistari iliyonyooka. Miguu yake ni ya mviringo, huwa myembamba kuelekea chini, na ina michirizi kama nguzo za majengo ya kale ya Warumi.

Kwa mtu wa biashara, hii si historia tu. Mguu uliopinda hukatwa kutoka kipande kinene cha mbao, na sehemu kubwa ya kipande hicho huishia kuwa kuni. Tena, mshipa wa mbao ukikatika mahali penye pindo, mguu huvunjika. Mguu ulionyooka hukerezwa kwa mashine, hutumia mbao kidogo na hubeba uzito bila wasiwasi. Anayeanza biashara hii angefanya vyema kuwashauri wateja wake wapende Louis wa 16.

Katika jiji la Paris la karne ya 18, kazi hii iligawanywa baina ya mafundi wa namna mbili. Walikuwapo waliotengeneza viti na vitanda kwa mbao nzima, na waliobandika tabaka jembamba la mbao ya thamani juu ya mbao ya kawaida, wakiunda makabati na meza zenye michoro ya rangi rangi. Hawa wa pili waliitwa kwa jina linalotokana na neno la Kifaransa la mti mweusi uliokuwa ukiagizwa kutoka ng'ambo. (Mti huo si mpingo wetu, ingawa wafanyabiashara wengi huichanganya miti hiyo miwili.)

Mgawanyo huo una maana kubwa Kwale. Kazi ya mbao nzima yaweza kufanywa hapa na ikadumu. Kazi ya tabaka haifai, hasa ikiwa gundi ni ile ya kale iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kwa sababu hulainika penye joto na unyevu. Kabati la kale lililoletwa kutoka Ulaya na kuwekwa karibu na bahari huanza kubanduka kama gamba la mti.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara nzima: maji yaliyomo ndani ya mbao. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo si ngeni kwa mkazi wa Diani, mbao hutulia ikiwa na maji yanayokaribia asilimia 16 ya uzani wake mkavu. Ikihamishiwa chumba chenye kiyoyozi ambamo unyevu ni asilimia 50, hushuka hadi takriban asilimia tisa. Mbao hupungua upana inapopoteza maji, wala haipungui urefu kwa kiasi cha kuonekana. Meza ya mbao ngumu yenye upana wa mita moja inaweza kupoteza sentimita moja au zaidi. Ikiwa fundi ameifunga kwa misumari na gundi pande zote, haina pa kwenda ila kupasuka.

Wafaransa walilijua jambo hili, na Waswahili pia. Tazama mlango wa kale wa fremu: ubao wa kati huwekwa ndani ya mfuo wa fremu bila gundi, ukaachwa huru kutanuka na kusinyaa. Kanuni ni ile ile kwa kabati na ubao wa kichwani wa kitanda. Viungo vya kiti navyo viwe vya ulimi na tundu, si misumari ya chuma ambayo hewa ya chumvi huila. Parafujo zikihitajika, ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu.

Mbao mbichi iliyopasuliwa jana haifai hata kama fundi ni bingwa. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi moja ya unene, mbao zikipangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Fundi asiye na kipimo cha umeme anaweza kukipima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Kwa nyumba yenye kiyoyozi, haitoshi. Mbao zipelekwe kwenye chumba kikavu kwa wiki kadhaa kabla ya kukatwa.

Ajabu ni kwamba kalenda ya utalii inaenda kinyume na kalenda ya mbao. Hoteli za pwani hukarabatiwa wakati wageni ni wachache, yaani Aprili hadi Juni, na huo ndio msimu wa masika. Maagizo makubwa huja wakati mbao zinakauka polepole zaidi. Seremala anayengoja malipo ya awali ndipo anunue mbao amekwisha chelewa. Aliyeweka akiba tangu mwaka uliotangulia ndiye anayeweza kuahidi tarehe na kuitimiza.

Mbao zenyewe zina mashaka yake. Mvule na mbambakofi zinasifika kwa kudumu, lakini upatikanaji wake halali umekuwa mgumu. Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018. Rais William Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023, suala hilo lilifikishwa mahakamani. Mwaka 2022, mbambakofi na jamaa zake wa Afrika waliingizwa katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara ya mbao zake huhitaji kibali kuvuka mpaka. Na katika eneo ambako Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu ya Mijikenda iliyotambuliwa na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka 2008, fundi anayenunua mbao bila kuuliza zilikotoka anajitafutia balaa.

Iliyobaki ni miti ya shamba. Mwarobaini hustahimili wadudu, na wachongaji wa vinyago wa Mombasa waliukubali kitambo. Mwembe uliozeeka hupatikana kwa urahisi, lakini dumuzi huushambulia upesi, hivyo mbao zake zitiwe dawa mara tu zinapopasuliwa. Mnazi ni mgumu upande wa nje na laini katikati. Unafaa zaidi kwa vipande vilivyonyooka kuliko miguu ya kupinda.

Je, kutumia mwembe ni kumdanganya mteja? La. Viti vingi vya Paris vilitengenezwa kwa mbao za kawaida, kisha vikapakwa rangi au dhahabu. Kiti cha mwembe kilichokauka na kupakwa rangi nyeupe ya maziwa au kijivu kinaukaribia Ufaransa kuliko kile cha mvule kilichong'arishwa kwa vanishi nzito. Polishi ya shelaki, ambayo Wazungu huihusisha na Ufaransa, haipendekezwi kwa meza ya kulia, kwani kikombe chenye unyevu huiachia doa jeupe.

Kwa upande wa matakia, mahameli huvuta ukungu. Pamba nzito au kitani hupumua vizuri zaidi, na foronya yenye zipu huweza kufuliwa. Wafaransa walijaza viti vyao kwa nywele za farasi. Kwale ina usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, ambao huruhusu hewa kupita kuliko sponji.

Anayepamba nyumba naye asijaze. Sebule yenye kuta nyeupe na dari ya makuti haihitaji seti nzima ya Kifaransa. Viti viwili vya mikono na meza ndogo kando ya kitanda cha Kilamu vinatosha. Fanicha isisukumwe hadi ukutani, maana ukungu huanzia pale hewa isipopita. Kiti cha kulia kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi na meza 75, hata kama picha ya mteja yaonyesha vingine.

Mwisho ni hesabu, na hapa mafundi hodari huanguka. Tuseme mbao, rangi, sponji na kitambaa vya kiti kimoja vimegharimu Sh6,000, na kazi imechukua siku sita. Fundi anayejilipa Sh1,500 kwa siku amefika Sh15,000 kabla ya kodi ya banda, umeme, leseni ya kaunti na usafiri wa kuvuka Likoni. Akikubali Sh15,000 kwa sababu jirani yake amekubali, amefanya kazi bure. Akitunza vielelezo vya kadibodi vya kila mguu na egemeo, kiti cha pili huenda kikachukua siku nne, na gharama ikashuka hadi Sh12,000. Faida imo katika seti ya viti sita, si katika kiti kimoja cha kuonyeshea marafiki.

Malipo ya awali yalingane walau na gharama ya mbao na kitambaa, nayo yawekwe kando. Anayetumia arubuni ya mteja wa pili kumalizia kazi ya mteja wa kwanza anaweza kuendelea hivyo msimu mzima, hadi wageni wakatike ghafla kama ilivyokuwa 1997, 2008 na 2020. Makubaliano yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja: mchoro, aina ya mbao, rangi, tarehe, na iwapo kiti kitakaa kwenye baraza au katika chumba chenye kiyoyozi.