Muktadha na Maana Mahakamani: Vitenzi vya Kinyarwanda katika Hukumu ya Akayesu, Arusha, 1998

Tarehe 2 Septemba 1998, jijini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kukubalika kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Wanasheria wameijadili sana hukumu hiyo. Kwa wanaisimu, kilicho muhimu ni uchambuzi wa msamiati uliomo ndani yake.

Lugha rasmi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda. Kuhusu ubakaji, walitumia vitenzi vinne kwa kubadilishana. *Gufata ku ngufu* ni kuchukua chochote kwa nguvu, na pia kubaka. *Gusambanya* ni kumfanya mtu azini. *Kurungora* ni kumwingilia mwanamke, awe ameridhia au la. *Kuryamana* ni kulala pamoja au kujamiiana.

Ni kitenzi cha kwanza pekee kinachobeba dhana ya nguvu waziwazi. Katika *kuryamana* mna kiambishi *-an-*, kama katika *pendana* na *pigana* za Kiswahili. Umbo lake laelekea kudokeza ushirikiano wa hiari. Vivyo hivyo, "alilala naye" haielezi ridhaa. Kwa kufuata umbo tu, tasfida ya shahidi ingegeuka kuwa upungufu wa ushahidi.

Majaji waliwataka ushauri wakalimani rasmi wa mahakama, wakahitimisha kwamba muktadha ndio unaoamua maana na tafsiri ya maneno hayo. Fasili yao ya ubakaji iliafikiana na hitimisho hilo: haikuorodhesha viungo vya mwili, bali ilitazama uvamizi wa kijinsia katika mazingira ya kulazimisha, na vitisho vyatosha kuunda mazingira hayo hata pasipo nguvu za mwili.

Suala hili limekaribia zaidi tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania. Kuondoa hatua ya kutafsiri hakuondoi utata wa tasfida. Shahidi anayesema "alinifanyia tabia mbaya" bado anamhitaji hakimu atakayeuliza tendo lilitendekaje, na katika mazingira gani, kabla ya kuamua kwamba hakutaja kosa.